Kabla ya Mbingu Kulikuwa na Nini

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia sifa nyingine huko mbele. Siogopi mbwa wala radi, na radi za upande huu wa Kericho si mchezo. Ninachoogopa ni uso wa mtu ninayempenda unapobadilika kwa sababu ya neno nililolisema mimi. Ndiyo maana tangu utotoni nimekuwa nikimpa kila mtu jibu analolitaka. Mama yangu, kabla hajafariki, alikuwa akinisifu kwa majirani kwamba mimi ni mtoto mtulivu. Hakujua kwamba ulikuwa woga tu.

Baba yangu ni mwalimu wa madrasa. Hakuzaliwa Mwislamu. Alizaliwa Chebunyo, kwenye boma la ng'ombe, akakua akiswaga mifugo ya wafanyabiashara wa Kisomali kutoka soko hadi soko, na huko njiani akasilimu. Ndugu zake walimfungia mlango na sehemu yake ya shamba wakagawana. Akahamia huku Roret, kwenye chai, akawa anachuma majani katika mashamba ya watu mchana na jioni anajifunza kusoma Kurani, mpaka mwishowe yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto wa Waislamu wachache tulio hapa, katika chumba cha mabati nyuma ya msikiti. Dini kwake si kitu alichopewa pamoja na jina. Aliacha watu wake kwa ajili yake, na hajawahi kusema kwamba anajuta.

Mke wangu ni Mbahai. Wazazi wake ni watu wa Vihiga, na walikuwa Wabahai kabla hajazaliwa. Tulikutana kiwandani. Yeye alikuwa karani katika ofisi, mimi nilikuwa, na bado niko, katika chumba ambamo majani yaliyokatwa huachwa yageuke rangi kabla ya kukaushwa. Kazi yangu ni kuyanusa na kusema sasa, yametosha, yapelekwe. Nikikosea dakika chache chai yote inaharibika. Alikuwa akipita na karatasi zake mkononi, ananikuta nimeinamisha uso kwenye majani, anacheka. Nilimpenda kwa kicheko hicho.

Nilipomwambia baba kwamba nimepata mchumba, aliniuliza neno moja tu. "Ni wa dini gani?"

Nilijua sheria, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Mwanamume Mwislamu anaruhusiwa kumwoa Mkristo au Myahudi, watu wa Kitabu. Lakini mtu wa dini inayosema kwamba baada ya Mtume wetu alikuja mjumbe mwingine, huyo hapana, hakuna mlango. Nilimtazama baba, nikaona jinsi anavyonisubiri huku amefurahi, na sikuchukua hata muda wa kumeza mate.

"Ni Mkristo," nikasema.

Wabahai nao wana sheria yao. Hawaozeshi mtu mpaka wazazi wote walio hai, wa pande zote mbili, waridhie, tena kwa hiari yao na kwa maandishi. Mkwe wangu alinipa barua nimpelekee baba. Ilikuwa ya Kiingereza, na baba husoma Kiarabu na Kiswahili, Kiingereza hapana. Nikamwambia ni barua ya wakwe, wanataka kujua kama hana pingamizi. Hilo lilikuwa kweli. Akauliza kama hawa Wakristo wa Vihiga huandikiana mpaka mambo kama hayo. Nikamjibu kwamba ni watu wa makaratasi sana. Baba akacheka, akatia sahihi juu ya goti lake.

Basi neno moja langu likabeba ndoa mbili. Nikahi ya Roret ilisimama kwa sababu baba aliamini kwamba bibi harusi ni Mkristo. Harusi ya Vihiga ilisimama kwa sababu wao waliamini kwamba baba anajua anachokiridhia. Mke wangu hakujua lolote kuhusu hayo. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwasimulia watu wake kwamba baba mkwe ni mtu mwenye moyo mpana ajabu, mwalimu wa madrasa aliyekubali Mbahai nyumbani kwake. Kila aliposema hivyo nilitafuta kazi ya kufanya nje.

Uongo unahitaji kulishwa, na wangu ulilishwa na tabia njema za mke wangu. Hanywi pombe; baba akapendezwa. Nguruwe haingii jikoni kwetu. Baba akapendezwa zaidi. Machi moja alikuja akamkuta hajala wala kunywa tangu alfajiri, maana huo ndio mwezi wao wa kufunga, akanivuta pembeni na kuniuliza, "Huyu Mkristo wako anafunga?" Nikamwambia ni Kwaresima. Alitikisa kichwa kwa heshima, akasema kuna Waislamu anaowajua wangefaa kuja kujifunza kwake. Jumapili zilikuwa ngumu kidogo. Nilisema kanisa lao liko mbali.

Nilichokuwa nikikichunga kuliko vyote ni wawili hao wasikae wakazungumza dini. Mke wangu hasemi uongo. Si kwamba ni mkali, hapana, ni mpole kabisa, lakini katika imani yao mtu hawezi kuikana dini yake hata akitishwa, na yeye amelelewa hivyo. Akiulizwa, atajibu. Kwa hiyo baba alipokuja nilikuwa nikizungumza mimi, mfululizo, habari za mvua na mashimo ya barabara, mpaka mzee anachoka na kuaga.

Sikufikiria mtoto.

Binti yetu ana miaka tisa. Jumamosi huenda madrasa kwa Kugo, ndivyo wajukuu wa Kipsigis wanavyomwita babu. Jumapili hukaa katika darasa la watoto ambalo mama yake hulifundisha sebuleni petu, pamoja na watoto wa majirani. Kwa baba nililiita hilo darasa shule ya Jumapili, na baba hakuwa na neno. Mtoto alikuwa akisikiliza pande zote mbili na kuziweka mahali pamoja kichwani mwake, na mimi, mtu mzima, nilidhani atajua mwenyewe kuzitenga.

Jumamosi hiyo alirudi mapema. Nilikuwa nje napiga brashi viatu vyangu vya kazi. Akakaa kwenye ngazi, akavua ushungi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo Kugo aliniuliza swali nikajibu, halafu akafunga kitabu."

"Swali gani?"

"Ati kabla Mungu hajaumba mbingu na dunia, kulikuwa na nini. Wengine wote wakasema, Mwenyezi Mungu peke yake. Mimi nikasema hakukuwanga na hiyo kabla."

Brashi ikasimama. "Ukasema nini?"

"Nikasema Mungu ni Muumbaji siku zote, sasa kama hakukuwa na kitu ameumba, alikuwa Muumbaji wa nini? Wakanicheka. Kugo hakucheka. Akaniuliza na hizo siku sita. Nikamwambia si siku za jua, juu hata jua lenyewe lilikuwa halijaumbwa bado. Na nikamwambia kulikuwa na watu mbele ya Adamu."

"Na yeye?"

"Akauliza nani amenifunza. Nikamwambia ni Mama." Alikuwa anakunja ushungi kwa uangalifu, pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa na babu yake. "Amesema atakuja Jumatano aongee na Mama."

Niliweka brashi chini. Niliona mambo yote kwa mpigo: baba anauliza, mke wangu anajibu, baba anajua kwamba nikahi aliyoishuhudia si nikahi, mke wangu anajua kwamba baba hakuwahi kumridhia. Baba angesema mwanawe anaishi na mwanamke asiye mke wake. Mke wangu angekwenda kwao, na mtoto angekwenda naye. Nami ningebaki katika nyumba hii ya vyumba vitatu na chai yangu.

Kutoka Jumamosi mpaka Jumatano ni siku nne. Jumapili nilisikiliza darasa la watoto nikiwa jikoni, nikijaribu kusikia kama kuna neno lingine la hatari. Jumatatu asubuhi nilimwambia mke wangu aende Merigi Jumatano akamwone rafiki yake aliyejifungua.

"Si nilienda wiki iliyopita?"

"Mtoto mchanga hubadilika haraka."

"Babako anakuja Jumatano. Amesema anataka kuongea na mimi juu ya ile kitu mtoto alisema. Nimefurahi sana. Miaka yote hii hajawahi kuniuliza." Akaenda kutafuta unga wa chapati. Alikuwa amefurahi kweli, na furaha yake iliniogopesha kuliko kama angenuna.

Jumatatu hiyo hiyo, baada ya zamu, nilikwenda msikitini nimekata shauri kwamba nitasema. Nilimkuta baba chumbani, amekaa chini anashona pembe ya mkeka uliofumuka, sindano anaishika mbali na macho yake. Hakuniuliza kilichonileta. Nilisimama mlangoni, mdomo nimeufungua tayari, na kilichotoka ni kwamba mvua ya mwaka huu imezidi. Baba akasema ni kweli imezidi. Nikamtungia uzi kwenye sindano, nikarudi nyumbani.

Jumanne niliharibu chai. Nilikuwa nimesimama juu ya majani, nanusa, na pua ikawa haina habari. Rangi ikapita ile shaba tunayoitaka, ikawa nyeusi, na msimamizi alipofika akanusa mara moja na kuniuliza kama nina mafua. Nikasema ndiyo, nina mafua. Hata hapo sikuweza kusema kweli.

Jumatano baba alifika mara tu baada ya swala ya alasiri, mwavuli mkononi, buti za mpira zimejaa matope mekundu. Mke wangu alikuwa ameweka chapati na chai ya maziwa. Nilikaa kati yao, nikaanza habari ya daraja lililochukuliwa na maji. Baba akanyanyua kiganja, akanizuia.

"Wacha daraja," akasema. Akamgeukia mke wangu. "Mama, huyu mtoto ameniletea maneno imenishinda kulala."

"Pole, Baba. Sikutaka akusumbue mbele ya wanafunzi."

"Hapana, hajanisumbua. Amenifikirisha. Sasa nataka unielezee wewe, pole pole. Hiyo ya siku, mimi sina shida nayo. Hata kwetu imeandikwa siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu. Shida yangu ni hiyo ingine. Ukisema viumbe vimekuwako siku zote, si umempea Mungu mwenzake? Wa milele anakuwa wawili."

Mke wangu aliweka mikono magotini. Nilimwona akifikiri kwa dhati, hataki kumshinda, anataka kumwelewesha. "Baba, angalia taa. Ikiwaka, mwanga uko hapo hapo, hauchelewi. Lakini mwanga haujasimama peke yake. Ukiondoa taa, hakuna mwanga. Sisi tunasema viumbe ni hivyo. Viko siku zote, lakini vinamtegemea siku zote. Mwenzake hapana."

Baba alicheka kidogo, cheko la mtu aliyepata mpinzani anayemfaa. "Lakini taa haina hiari. Ikiwashwa inawaka, haitaki wala haikatai. Mola wangu hutaka kwanza. Alikuwako na hakuna kitu na yeye, halafu akataka. Akasema kuwa, kikawa. Ukiniondolea hiyo kutaka kwake, umenibakishia taa."

"Hiyo ni swali nzuri," mke wangu akasema, na kwa kweli alilifikiria. "Sisi pia tunasema anataka. Ni vile tu hatusemi kulikuwa na siku alianza kutaka."

Mtu mwingine angefurahi kuwasikiliza. Sebule ile haijapata mazungumzo mazuri kama yale. Baba alikuwa ameinama mbele, kikombe kimesahaulika mkononi, na mke wangu macho yake yaling'aa. Mimi sikuweza, maana kila jibu zuri alilolitoa lilikuwa linamtoa hatua nyingine nje ya Ukristo niliomvika.

"Na Adamu," akasema baba. "Mimi nimesoma kwamba aliumbwa kwa udongo, kwa mkono, hana baba hana mama. Malaika wakaambiwa wasujudu. Huyo ndiye mtu wa kwanza. Mtoto anasema kulikuwa na watu mbele yake."

"Kwetu Adamu ni mtume, Baba. Wa kwanza tunayemkumbuka. Mbele yake kulikuwa na watu na walikuwa na mitume, lakini majina yao yamepotea, ni zamani sana. Na ile habari ya mti na nyoka, tunaisoma kama mfano. Nyoka ni vile roho ya mtu inashikana na dunia."

"Kwa hivyo mtu alitoka kwa mnyama, vile wanasema kwa shule?"

"Hapana. Mwili unaweza kupitia sura nyingi, lakini ni mtu tangu mwanzo." Akanionyesha kwa mkono. "Muulize huyu. Majani yanaingia kiwandani yakiwa kijani. Yananyauka, yanakatwa, yanageuka rangi, yanakaushwa mpaka huwezi kuyajua. Lakini ni chai tangu shambani, haikuwahi kuwa kabeji."

Baba akacheka sana safari hii, akanipiga bega. Nilicheka nao. Sauti yangu ilitoka ikiwa nyembamba, na mke wangu akanitupia jicho.

"Bado mimi nabaki na udongo wangu," baba akasema, akipangusa macho. "Nikikuondolea udongo, Iblisi atakuwa alikataa kusujudia nini? Yeye aliona udongo tu, hakuona kile Mungu aliweka ndani."

"Hapo, Baba, mimi na wewe tuko pamoja kabisa."

Wakaegemea viti wawili, wameridhika. Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati. Nikajiambia imekwisha, amecheka, atakunywa chai na kuaga, na mimi nitamwahi njiani kesho na kumweleza vizuri. Nilikuwa hata nimenyoosha mkono kuchukua chapati.

"Lakini mama," akasema baba, bado anatabasamu, "mimi nimekaa na Wakristo hapa miaka mingi. Wako na siku sita, na bustani, na dhambi ya kurithi. Hii yako sijaisikia kwao. Ni kanisa gani inafundisha hivi?"

Mke wangu alidhani anataniwa. "Kanisa? Baba, mimi si Mkristo. Mimi ni Mbahai tangu nizaliwe. Si unajua? Si ulitia sahihi barua yetu?"

Baba akaweka kikombe chini. Alikiweka pole pole mpaka kikakaa sawa katikati ya kisosi. Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na uso wake ukabadilika, kile kitu hasa ambacho nimekikimbia maisha yangu yote, na nilikiona kikitokea kuanzia kwenye macho mpaka mdomoni.

Mke wangu akatutazama kwa zamu. "Ulimwambia nini?" akaniuliza.

Nikasema. Lakini mvua ilikuwa imeshika mabati, na nilikuwa nimesema chini chini, na baba akaweka mkono sikioni. "Sijasikia," akasema.

Ilibidi niseme tena, kwa sauti ya juu, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Nilikwambia ni Mkristo, kanisa lao liko mbali, anafunga Kwaresima, na haikuwa kweli. Yeye hakujua."

Baba akainuka, akavaa buti zake mlangoni, akachukua mwavuli. Hakungoja mvua ipungue. "Chapati zilikuwa nzuri, mama," akamwambia mke wangu. Akatoka.

Nilingoja mke wangu alie au anipigie kelele. Alikusanya vikombe, akavipeleka jikoni, akarudi, akakaa mahali alipokuwa amekaa baba.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Huyo mwanamke umekuwa ukimwambia babako habari zake, anaendaga kanisa mbali, anafunga Kwaresima. Mimi simjui. Umemuweka kwa nyumba yangu na hata hukuniuliza."

Nilisema naogopa.

"Najua unaogopa. Kila mtu anaogopa." Alikuwa anasema polepole sana. "Kwetu mzazi akidanganywa, hajaridhia. Labda Baraza letu la Kibahai litaniambia ndoa imeshafungwa, haiwezi kuguswa. Nitawaandikia niwaulize. Lakini hiyo ni yao. Mimi mwenyewe nataka kujua kama niko kwa hii boma na ruhusa ya babako. Nenda ukamuulize upya. Mwambie mimi ni nani. Halafu uniletee jibu vile amelitoa. Usilirembe."

"Na akikataa?"

"Uniletee vile amekataa."

Njia ya kwenda msikitini inapita katikati ya chai, na mvua ilikuwa imegeuka mawe madogo, yanaruka juu ya majani. Nilitembea bila mwavuli. Nilitaka iwe mbali zaidi. Nilimkuta baba kwenye bomba la nje, chini ya kibanda, anatawadha kwa ajili ya magharibi. Alikuwa anaosha mguu wa kulia. Nilisimama mbele yake nikamwambia yote, tangu swali lake la kwanza mpaka barua, nikamwambia mke wangu ni nani na watu wake wanaamini nini, hata lile la mjumbe aliyekuja baadaye. Halafu nikamuuliza kama ananiridhia kuishi na mtu huyo.

Alimaliza mguu wa kulia, akaosha wa kushoto, akafunga maji.

"Ulikuwa unaogopa nani?" akaniuliza. "Mimi ama yeye?"

"Nyote wawili."

"Na Mungu?"

Nikainamisha macho kwenye miguu yake.

"Basi huyo ndiye peke yake hukumwogopa," akasema baba. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayegundua kitu na hakifurahii. "Kamwambie sikukubali. Yule nilikubali hakuwa yeye. Na huyu siwezi kukubali, dini hainipi ruhusa, na wewe unajua niliacha nini kwa sababu ya hii dini. Mwambie sina vita na yeye. Ni mtu wa kweli kukushinda wewe. Mtoto aje Jumamosi. Swali lake bado sijalijibu."

Akaingia kuswali. Sikuweza kuingia nyuma yake.

Nikiri jambo moja kuhusu njia ya kurudi. Nusu yake niliitumia kulitengeneza jibu la baba. Nilianza na kusema kwamba anafikiria. Halafu nikapata jingine bora: amesema hana vita nawe, na mtoto aje Jumamosi. Hayo yote yalikuwa kweli, yalitoka mdomoni mwake, na ningeweza kuyaacha hapo tu, nimeyakata mahali panapofaa. Mke wangu angeamini. Angeniamini kwa sababu yeye mwenyewe hasemi uongo. Nilifika mlangoni nikiwa nalo tayari ulimini, limenyooka, na nilipomwona amesimama katikati ya sebule ananisubiri, uso umeshapauka, niliogopa kuliko siku zote nne zilizopita zikiunganishwa.

"Amesema hakukubali," nikasema. "Amesema yule aliyemkubali hakuwa wewe, na wewe hawezi kukukubali, dini yake haimpi ruhusa." Nilisema na yaliyobaki, pamoja na lile la Mungu. Sikuacha kitu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja, hakunificha. "Babako amesema kweli," akasema. "Namshukuru."

Nikauliza kama anakwenda kwao.

"Kwetu ridhaa ya kwanza si ya wazazi," akasema. "Ni ya wenyewe wawili. Wazazi wanafuata. Mimi niliridhia mtu nilidhani alimwambia babake ukweli, na huyo mtu hayuko. Kwa hivyo na mimi niulize upya."

Mvua ilikuwa imekatika na kila neno lingesikika. Nikamuuliza kama, sasa anaponijua, anaridhia kuwa mke wangu. Kwa mara ya kwanza maishani niliuliza swali bila kujua mtu ninayemuuliza anataka nini.

Alipanga sahani tatu mezani.

"Bado," akasema, akaenda kumwita mtoto aje tule.